Kumsaidia Mpendwa Wetu Aliyeshikwa na Sonona

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanaume na wanawake wa Bugarama, Halmashauri ya Msalala, mkoani Shinyanga)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu waheshimiwa, mama zetu, ndugu na dada zetu,



Tumepewa heshima ya kusema nanyi juu ya ugonjwa ambao umo katika nyumba nyingi lakini hautajwi barazani. Mtu wetu akishikwa na malaria, jirani huja kumjulia hali kabla jua halijatua. Akivunjika mguu duarani, wenzake humbeba, na jioni watu huchanga nauli ya kumpeleka Kahama. Lakini yule aliyejifungia chumbani siku 20, hataki kula, hataki kuoga, hataki kusemeshwa, huyo watu humpita kimya, na wengine humnong'onia. Leo twataka kusema juu yake, na hasa kusema nanyi mnaoishi naye: mke, mume, mama, kaka, rafiki. Ninyi ndio mnaouliza kila siku, "Tumfanyie nini?"

Ugonjwa wenyewe

Kila mwanadamu huhuzunika. Afiwaye hulia, na aliyepoteza mali husononeka, na kwa kawaida siku zikipita moyo hurudi mahali pake. Lakini moyo ukiinama karibu kila siku kwa majuma mawili au zaidi, mtu asifurahie tena lolote alilolipenda, usingizi ukamkimbia au ukamzidi, chakula kikamchukiza, nguvu zikamwishia, akajiona hana thamani na ana hatia ya mambo asiyoyatenda, hapo si huzuni ya kawaida tena. Huo ni ugonjwa, na Kiswahili cha siku hizi huuita sonona.

Huku kwetu ugonjwa huu mara nyingi hauingii kwa jina lake. Mgonjwa hasemi, "Nina huzuni." Husema kichwa chamgonga, mgongo wamuuma, moyo wamwenda mbio, mwili ni mzito kama umejazwa mawe. Mwanamume huenda akaonyesha ghadhabu badala ya machozi, au akaanza kunywa gongo ili apate kulala. Mama aliyejifungua karibuni huenda akamtazama mtoto wake asione furaha yoyote, kisha akaona haya kulisema hilo kwa mtu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 280 duniani walikuwa na sonona. Si ugonjwa wa Wazungu, wala si ugonjwa wa matajiri.

Sisi wa ukanda huu wa dhahabu twajua jinsi maisha yanavyogeuka. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu. Mwaka 2001 mgodi mkubwa ukaanza uzalishaji, na mwaka 2017 kazi ya chini ya ardhi ikasimamishwa, mamia ya watu wakarudi nyumbani bila ajira, ingawa baadaye uchimbaji ulirejea. Kwa mchimbaji mdogo mageuzi hayo huja hata kila mwezi: leo duara latoa, kesho ni mwamba mtupu na deni. Mambo kama hayo huweza kuuamsha ugonjwa. Lakini tusikilize vizuri: sonona huja pia kwa mtu ambaye hakupoteza kitu. Duara lake latoa, watoto wake ni wazima, na bado asubuhi hawezi kuinuka. Kumwambia huyo, "Una shida gani wewe?" ni kumwongezea mzigo, kwa kuwa yeye mwenyewe amejiuliza swali hilo usiku kucha na hakupata jibu.

Milango mitatu isiyofika mahali

Tuchukue mfano ambao kila mmoja wetu aweza kuupatia sura. Kijana aliyekuwa mchangamfu, mwendesha winchi, amenyamaza. Ameacha kwenda machimboni, ameacha kuswali na wenzake, mkewe akimsemesha hajibu. Jamaa hukaa kikao. Katika kikao hicho mara nyingi hufunguliwa milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni uchawi. Ng'ombe huuzwa, mganga huitwa, naye hawezi kuondoka bila ya kumtaja mtu. Na atajwaye ni nani? Mara nyingi ni bibi kizee, mjane, asiye na mtetezi. Nchi nzima yaijua aibu iliyoupata Usukuma: akina mama wazee waliouawa kwa sababu macho yao ni mekundu, ilhali wekundu huo ni wa moshi wa jikoni walikopikia watoto na wajukuu kwa miaka mingi. Kwa hiyo tusidhani kwamba kukosea jina la ugonjwa ni kosa dogo. Kijana amebaki mgonjwa vilevile, ng'ombe wamekwisha, na damu ya mtu asiye na hatia yaweza kumwagika juu yake.

Mlango wa pili ni kusema kwamba imani yake ni haba. Huambiwa, "Ungeswali sawasawa yasingekupata haya." Maneno haya yana sura ya dini, lakini kwa mgonjwa ni kama chumvi juu ya kidonda. Yeye tayari ajiona kwamba Mungu amemwacha, nanyi mnakuja kumthibitishia.

Mlango wa tatu ni uvivu. "Jikaze, wewe ni mwanamume. Wenzako wana shida kubwa kuliko zako." Mtu mwenye homa hatumwambii ajikaze ili homa ishuke. Sonona nayo haishuki kwa kukemewa.

Dini yatufundisha nini?

Ndugu zetu, tuirejee Kurani Tukufu tuone jinsi wapendwa wa Mwenyezi Mungu walivyohuzunika. Nabii Yakubu (a.s.) alimlilia mwanawe Yusufu hata macho yake yakapoteza nuru. Wanawe walimlaumu kwa huzuni yake. Mwenyezi Mungu hakumlaumu. Naye alikuwa Nabii, na wala hakukata tamaa ya rehema ya Mola wake. Basi machozi na imani vyaweza kukaa katika kifua kimoja.

Tazameni pia habari ya Bibi Maryamu (a.s.). Uchungu wa uzazi ulimfikisha chini ya mtende, peke yake, akatamani laiti angalikuwa amekwisha kufa na kusahauliwa. Je, alijibiwa kwa kukemewa? Hapana. Alionyeshwa maji yapitayo chini yake, akaelekezwa kuutikisa mtende apate tende mbivu, akaambiwa ale na anywe na atulize jicho lake, na asijishughulishe kuwajibu watu siku ile. Maji, chakula, utulivu na kuondolewa mzigo wa kujieleza mbele ya watu: hayo ndiyo aliyopewa mtu aliyetamani kufa. Yeyote ambaye nyumbani mwake mna mtu wa hali hiyo na alizingatie hili.

Mtume Mtukufu (s.a.w.) mwenyewe alipofiwa na mkewe Bibi Khadija (r.a.) na ami yake Abu Talib, mwaka ule uliitwa Mwaka wa Huzuni, na jina hilo limebaki katika historia bila ya yeyote kuona haya. Na Bibi Aisha (r.a.), nyumba ikifiwa, aliagiza upikwe uji laini uitwao talbina, kwa kuwa alimsikia Mtume (s.a.w.) akifundisha kwamba uji huo huupumzisha moyo wa mgonjwa na kuupunguza huzuni. Mtume (s.a.w.) pia aliwaagiza watu watafute dawa za magonjwa yao. Basi dua na dawa havigombani.

Wanazuoni wa kale walilifahamu jambo hili. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi, na humo akaipambanua huzuni yenye sababu inayojulikana na huzuni isiyo na sababu inayojulikana. Hii ya pili aliihesabu kuwa ina asili katika mwili, na kwa hiyo yataka tiba ya mwili pamoja na maneno ya kufariji. Na huko Kairo, hospitali ya Sultani Kalawun iliyojengwa mwaka 1284 iliwapokea wagonjwa wa akili pamoja na wagonjwa wengine. Hivyo basi, anayesema kwamba kumpeleka mgonjwa wa aina hii hospitali ni kuacha dini, hajui historia ya dini yake.

Yatupasa kufanya nini?

Wachimbaji mliomo humu mnajua kwamba anayeshuka duarani hashuki peke yake. Juu hubaki mtu wa kushika kamba. Huyo wa juu hawezi kuchimba kwa niaba ya aliye chini, wala hamkemei apande kwa nguvu zake mwenyewe. Kazi yake ni kuishika kamba na kutoondoka. Kumsaidia mgonjwa wa sonona ndiko huko. Tutaje mambo sita.

Kwanza, kaa naye. Si lazima useme mengi. Mwambie, "Nakuona huko sawa siku hizi. Nipo. Ukitaka kusema, nitasikiliza." Akinyamaza, nyamaza naye. Akilia, usimharakishe kunyamaza. Rudi kesho, na kesho kutwa. Mgonjwa atakufukuza mara nyingi kwa kuona kwamba yeye ni mzigo. Kurudi kwako ndilo jibu.

Pili, msaidie kwa kazi, si kwa mawaidha. Mtu anapokuambia hana nguvu za kuoga, mchotee maji. Mpikie uji kidogo, umwekee karibu. Mwombe mtembee pamoja hadi kisimani jioni. Akifanya dogo, lihesabuni kuwa kubwa. Vijana wa Usukuma wamezoea kulimiana mashamba kwa zamu. Basi shamba la mgonjwa huyu nalo lipewe zamu, lisije likaota magugu naye akiliona ajihukumu zaidi.

Tatu, mpelekeni hospitali, na mmoja wenu aende naye. Anzeni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Ikibidi mtapewa rufaa ya kwenda Kahama, Shinyanga, au Bugando jijini Mwanza. Mwelezeni mganga wa zahanati ukweli wote: siku ngapi hajalala, amekonda kiasi gani, amesema nini. Pasipo maelezo hayo huenda akapewa vidonge vya kichwa tu. Wako watu wanaoogopa kwa kuwa jina la Mirembe, hospitali ya Dodoma iliyoanzishwa mwaka 1927, limefanywa tusi mitaani. Wajue kwamba wengi wa wagonjwa wa sonona hutibiwa huku wakiishi majumbani mwao. Na tangu mwaka 2008 nchi yetu ina Sheria ya Afya ya Akili. Mgonjwa huyu ni mgonjwa mwenye haki zake kama wengine.

Nne, zilindeni dawa. Dawa za sonona hazifanyi kazi siku moja kama za kutuliza maumivu. Huchukua majuma mawili hadi manne, wakati mwingine zaidi, kabla nafuu haijaonekana, na siku za mwanzo huweza kuleta kinywa kikavu, kichefuchefu au usingizi. Hapo ndipo wengi huzitupa. Kisha nafuu ikija, wengi hudhani wamepona wakaziacha ghafla, na ugonjwa hurudi. Kwa kawaida mgonjwa hutakiwa kuendelea nazo miezi kadhaa baada ya kupata nafuu, na kuziacha ni kwa shauri la daktari. Basi mmoja nyumbani awe mkumbushaji, na siku za kurudi hospitali ziandikwe ukutani.

Tano, chungeni uhai wake. Zaidi ya watu 700,000 duniani hujiua kila mwaka. Mgonjwa akisema, "Mngekuwa bora bila mimi," akianza kugawa vitu vyake, au akiaga kwa namna isiyo ya kawaida, msilichukue kuwa ni neno tu. Muulizeni waziwazi kwa upole, "Umekuwa ukiwaza kujiua?" Swali hilo halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo, humfungulia mlango wa kusema. Akikiri, asiachwe peke yake hata usiku mmoja, na apelekwe hospitali upesi. Na katika nchi hii ya pamba na dhahabu, dawa za kunyunyizia mashamba, sumu za panya, na kemikali na baruti za machimboni zitoke nyumbani au zifungiwe kwa jirani. Sri Lanka ilipopiga marufuku dawa za mashamba zilizo kali zaidi, vifo vya kujiua vilipungua sana katika miaka iliyofuata. Saa ya hatari huwa fupi. Mtu akipitishwa humo salama, mara nyingi huishi na kushukuru.

Sita, msibebe peke yenu. Mke anayekesha na mumewe mgonjwa miezi mitatu, huku akilea watoto na kutafuta posho, naye atavunjika. Kamba moja hushikwa na mikono mingi. Dada wa mgonjwa achukue watoto siku mbili katika juma. Rafiki wa kazini alale naye Ijumaa. Jirani apeleke dawa. Na mkewe alale usingizi wake bila ya kuonwa kwamba hampendi mumewe.

Je, watu wa kawaida waweza kuleta nafuu?

Huenda mtu akauliza: sisi si madaktari, tutafaa nini? Jibu liko ng'ambo ya ziwa letu. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, sehemu zilizokuwa zimeumizwa sana na UKIMWI, watafiti waliunda vikundi vya watu wenye sonona, wanaume peke yao na wanawake peke yao. Walikutana mara moja kwa juma kwa majuma 16, wakazungumza juu ya msiba, ugomvi, upweke na mageuzi ya maisha, na wakatafuta pamoja la kufanya. Viongozi wa vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa kwa majuma mawili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Mwishoni, katika vijiji vilivyokuwa na vikundi, watu 6 au 7 tu kati ya kila 100 walikuwa bado na sonona. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi, walikuwa bado 54 au 55 kati ya kila 100.

Zimbabwe nako, tangu mwaka 2006, Daktari Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi wa Harare kukaa bencini nje ya zahanati na kuwasikiliza wagonjwa. Washona huuita ugonjwa huu kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, kama sisi tusemavyo "ana mawazo". Bibi hamhukumu mgonjwa. Humsikiliza, humuuliza tatizo lipi walianze nalo, na humngojea juma lijalo alete habari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na bibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Tuone ajabu ya Mwenyezi Mungu: katika nyumba moja bibi kizee hutajwa kuwa ndiye chanzo cha ugonjwa, na katika mji mwingine bibi kizee huyohuyo ameketishwa kuwa sehemu ya tiba. Bibi zetu wa Bugarama wana masikio na wana subira. Tuwaketishe karibu na mgonjwa, tusiwafukuze.

Hivyo twapendekeza mbele yenu jambo moja la kutenda. Kila mtaa uchague watu wawili, mwanamume na mwanamke, wenye siri na subira, ambao nyumba yenye mgonjwa wa namna hii yaweza kuwaendea bila ya haya. Kazi yao iwe kukaa, kusikiliza, kupanga zamu za msaada, na kusindikiza hospitali. Hawatoi hukumu, hawatangazi habari, hawapigi ramli. Jambo hili halihitaji fedha nyingi. Lahitaji watu watakaorudi kila juma.

Nanyi mliomo humu na mnaugua kimya, na twajua mpo: hamkulaaniwa, wala hamkuachwa. Ugonjwa huu una tiba, na wengi waliotibiwa wamerudi kazini, wamerudi kwa watoto wao, wamerudi msikitini. Mwambieni mtu mmoja leo, kabla ya kulala.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape nguvu wanaokesha nao, awahifadhi mama zetu wazee na dhuluma, na atujaalie kuwa watu wanaoshika kamba na kutoondoka. Amin.